Ahadi ni Deni: Marekani Kati ya Vita Kuu Mbili za Dunia

Katika daftari langu la historia la kidato cha tatu, ambalo marehemu mama yangu alilitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake wote, kuna sentensi moja niliyoipigia mstari kwa wino mwekundu: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilijitenga na mambo ya dunia. Mwalimu aliisoma polepole, sisi tukaiandika kama ilivyo, na katika mtihani wa mwisho wa mwaka ilinipatia alama. Simlaumu mwalimu wangu, kwa kuwa sentensi hiyo imerudiwa na wengi. Lakini kadiri nilivyosoma habari za miaka ile, ndivyo neno hilo la kujitenga lilivyozidi kunikwaza. Nchi iliyojitenga haiweki askari wake Haiti kwa miaka 19. Haiwakopeshi Wajerumani fedha za kuwalipa Wafaransa na Waingereza. Kampuni zake hazikodi ardhi ya Liberia kwa muda wa miaka 99, wala serikali yake haidai ipelekewe nakala ya ripoti ya kila mwaka kuhusu Tanganyika. Marekani ya wakati ule ilikuwa karibu kila mahali. Ilichokataa ni kufungwa na ahadi.

Sisi tumelelewa na msemo kwamba ahadi ni deni. Kwetu maneno hayo mawili hayaachani: aliyeahidi anadaiwa, na aliyeahidiwa ana haki ya kukumbusha. Nikitakiwa kueleza kwa ufupi uhusiano wa Marekani na dunia kati ya 1919 na 1939, nitasema ni habari ya taifa lililoyatenganisha maneno hayo, likadai kila deni huku likikwepa kila ahadi. Sisemi hivyo kwa kuwachukia Wamarekani wa zama hizo, ambao wengi wao walikuwa na sababu za kweli za kuogopa; nasema hivyo kwa sababu gharama ya kukwepa huko ililipwa na watu wa mbali, na baadhi yao walikuwa majirani zetu.

Jambo lilianzia kwenye Kifungu cha 10 cha hati iliyoanzisha Shirikisho la Mataifa, chombo cha kulinda amani kilichokuwa na makao yake Geneva, hati ambayo Rais Woodrow Wilson aliipigania mwenyewe mjini Paris mwaka 1919 mpaka ikawa sehemu ya Mkataba wa Versailles, mkataba wa amani na Ujerumani. Kifungu hicho kiliwataka wanachama waheshimu na kulinda mipaka na uhuru wa kila mwenzao dhidi ya uvamizi wa kutoka nje. Kwa Wilson, hiyo ndiyo ilikuwa roho ya kazi yote. Kwa Seneta Henry Cabot Lodge wa Massachusetts, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, kukubali maneno hayo bila masharti kulikuwa sawa na kuwaweka vijana wa Marekani rehani kwa ajili ya mipaka ya nchi nyingine, ilhali Katiba inalipa Bunge peke yake mamlaka ya kutangaza vita. Lodge akaandaa masharti 14. Nimeyasoma zaidi ya mara moja, na sioni kwamba yalikuwa ya mtu aliyepungukiwa na busara. Lile lililohusu Kifungu cha 10 lilisema kwamba Marekani haitakuwa na wajibu wa kulinda mipaka ya yeyote mpaka Bunge liamue hivyo kwa kila tukio. Walikuwapo pia maseneta kama William Borah wa Idaho na Hiram Johnson wa California, ambao hawakutaka mkataba huo kwa sura yoyote ile.

Wilson alipanda treni akaizunguka nchi kuwaomba wananchi wamuunge mkono, akazidiwa akiwa Pueblo, Colorado, tarehe 25 Septemba 1919, na siku chache baadaye akapata kiharusi kilichompoozesha upande mmoja wa mwili. Akiwa mgonjwa aliwaagiza maseneta wa chama chake wasikubali mkataba wenye masharti ya Lodge. Kura ya mwisho ilipigwa tarehe 19 Machi 1920: ndiyo 49, hapana 35. Theluthi mbili zilihitajika, na zilipungukiwa kura 7. Watu hubishana mpaka leo nani kati ya wale wawili alikuwa mkaidi zaidi. Mimi naona Lodge aliogopa ahadi kubwa mno na Wilson alikataa ahadi pungufu, na kati yao ahadi yoyote ile ikakosa mtu wa kuisimamia.

Lakini hati inayonishangaza zaidi kuliko kura hiyo ni ile iliyotiwa saini mjini Berlin tarehe 25 Agosti 1921. Kwa kuwa Versailles ulikataliwa, Marekani ilikuwa bado katika vita na Ujerumani kisheria, kwa hiyo ilibidi uandikwe mkataba wa peke yake. Mkataba huo ni mfupi. Unasema kwamba Marekani itafaidi haki na manufaa yote iliyowekewa katika Mkataba wa Versailles, ule uleule ambao Seneti ilikataa kuuridhia, na papo hapo unatamka kwamba Marekani haitafungwa na sehemu inayohusu Shirikisho la Mataifa. Haki zilichukuliwa, wajibu ukaachwa mezani. Ujerumani iliyoshindwa haikuwa na nguvu ya kubisha. Kama ningekuwa mwalimu wa kidato cha tatu leo, ningefuta sentensi ile ya kujitenga ubaoni na kuandika mahali pake tarehe ya mkataba huu, kisha ningewaomba wanafunzi wausome wenyewe.

Hapo ndipo Tanganyika inapoingia. Babu yangu mzaa baba alikuwa na stakabadhi za kodi ya kichwa, vikaratasi vilivyokunjwa mpaka vikachanika kwenye mikunjo, na juu ya kila kimoja liliandikwa jina la nchi kama Waingereza walivyoliandika kuanzia mwaka 1920. Alipokuwa kijana alihesabiwa kuwa mtu wa nchi ya udhamini, yaani nchi iliyotawaliwa kwa niaba ya Shirikisho, wala si mtu wa koloni, na tofauti hiyo, ambayo mfuko wake haukuipata hata siku moja, ilitokana kwa kiasi kikubwa na ubishi wa Wilson mjini Paris. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini ndiye aliyependekeza mpango wa udhamini kwa ajili ya nchi zilizotoka katika himaya zilizoanguka za Ulaya na za Waturuki, lakini hakukusudia uguse makoloni ya Ujerumani ya Afrika, ambayo Waingereza, Wafaransa na Waafrika Kusini walitaka kuyatwaa moja kwa moja. Wilson ndiye aliyesisitiza kwamba nayo yawekwe chini ya udhamini. Mtaalamu wake wa masuala ya makoloni, mwanahistoria George Louis Beer, aliyajua mambo ya Afrika ya Mashariki kwa kina, akachaguliwa kuongoza idara ya udhamini katika Shirikisho jipya. Beer alifariki Machi 1920, mwezi uleule ambao Seneti ilipiga kura ya mwisho.

Baada ya hapo mtu angedhani kwamba Washington ingenyamaza kuhusu nchi hizo. Haikunyamaza. Serikali ya Marekani ilishika Kifungu cha 119 cha Versailles, ambacho Ujerumani iliachia makoloni yake kwa mataifa makuu yaliyoshinda vita, ikasema kwamba Marekani ni mojawapo ya mataifa hayo na kwa hiyo hakuna anayeweza kugawa udhamini bila ridhaa yake. Ikaingia mkataba na Ubelgiji kuhusu Ruanda-Urundi mwaka 1923, na mwingine na Uingereza kuhusu Tanganyika, uliotiwa saini London tarehe 10 Februari 1925. Kwa mkataba huo wa pili, Marekani ilikubali Uingereza iitawale Tanganyika kama mdhamini, na kwa malipo yake raia wa Marekani wakapewa haki zilezile za biashara na makazi walizopewa raia wa nchi wanachama wa Shirikisho, na serikali yao ikahakikishiwa nakala ya ripoti ambayo Uingereza iliipeleka Geneva kila mwaka. Mlango ulikuwa wazi kwa mfanyabiashara wa Marekani. Lakini kama mkulima wa Tanganyika angedhulumiwa, Marekani haikuwa na kiti Geneva cha kusemea, kwa kuwa ilikuwa na haki ya kuisoma ripoti bila wajibu wa kuijibu.

Kuna sura moja ya miaka hiyo ninayoiheshimu kwa dhati. Tarehe 12 Novemba 1921, siku moja baada ya Askari Asiyejulikana kuzikwa katika makaburi ya Arlington, Waziri wa Mambo ya Nje Charles Evans Hughes alifungua mkutano wa kupunguza majeshi ya majini mjini Washington, na badala ya kuwakaribisha wageni kwa maneno matamu akatangaza kwamba Marekani iko tayari kuziharibu manowari zake kubwa 30, zikiwamo zilizokuwa bado zinaundwa, kisha akawatajia Waingereza na Wajapani manowari zao walizopaswa kuziharibu. Februari 1922 walikubaliana: tani 525,000 za manowari kubwa kwa Marekani na Uingereza kila moja, 315,000 kwa Japani, na 175,000 kwa Ufaransa na Italia kila moja. Ni kweli kwamba Wamarekani walikuwa wakizisoma kwa siri telegramu za Wajapani na walijua tangu mapema kiwango ambacho Tokyo ingekubali. Hata hivyo hiyo ilikuwa kazi ya amani iliyofanyika kweli, chuma kilikatwa, na fedha za walipa kodi ziliokolewa. Inasikitisha kwamba miaka miwili tu baadaye, mwaka 1924, Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowafungia Wajapani mlango kabisa, baada ya balozi wao kuandika barua ya kusihi. Heshima iliyojengwa mezani ilivunjwa kwa kupiga kura mara moja, na Japani haikuisahau aibu hiyo.

Kuhusu madeni, inabidi niende polepole, kwa sababu hapa ndipo tabia ninayoieleza inapoonekana wazi zaidi. Wakati wa vita na mara baada yake, serikali ya Marekani iliwakopesha washirika wake zaidi ya dola bilioni 10, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika kununua risasi, chakula na pamba za Marekani yenyewe. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wafaransa walisema kwamba wao walilipa kwa damu na kwamba madeni hayo yafutwe, au angalau yafungamanishwe na fidia ya marki bilioni 132 za dhahabu ambayo Ujerumani iliamriwa kulipa mwaka 1921. Washington ilikataa katakata: fidia ni mambo ya Ulaya, deni ni deni. Wakati huohuo ikapandisha ushuru wa forodha mwaka 1922, hivi kwamba wadaiwa hawakuweza kuuza bidhaa zao Marekani ili wapate dola za kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, nasi hatubishi, lakini anayemdai jirani yake kisha akamzuia kufika sokoni anamfanya mdaiwa wa milele.

Ujerumani iliposhindwa kulipa, Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, mnamo Januari 1923, na fedha ya Ujerumani ikaporomoka mpaka thamani ya noti ikawa chini ya karatasi iliyochapiwa. Mwaka 1924 mfanyabiashara wa benki kutoka Chicago, Charles Dawes, aliongoza kamati iliyopata njia: ratiba ya fidia ilegezwe, na Ujerumani ipewe mkopo wa marki milioni 800 za dhahabu, zaidi ya nusu yake ukitoka kwa wawekezaji wa Marekani. Dawes alipewa sehemu ya Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1925. Kuanzia hapo fedha zikawa zinazunguka kama maji ya gurudumu: benki za New York ziliwakopesha Wajerumani, Wajerumani wakawalipa Wafaransa na Waingereza fidia, nao wakairudishia hazina ya Washington madeni ya vita. Kila mmoja alionekana analipa. Ukweli ni kwamba Ujerumani ilikopa zaidi ya ilivyolipa, na gurudumu lote lilitegemea mkono mmoja usichoke.

Ulichoka mwaka 1929, soko la hisa la New York lilipoanguka. Juni 1930 Rais Herbert Hoover alitia saini sheria iliyopandisha ushuru zaidi, ingawa zaidi ya wachumi 1,000 walimwandikia kumsihi asifanye hivyo. Juni 1931 akapendekeza malipo yote ya serikali yasitishwe kwa mwaka mmoja, hatua njema iliyochelewa. Baadaye nchi moja baada ya nyingine iliacha kulipa, na kufikia katikati ya 1934 Finland peke yake ndiyo iliyokuwa ikiendelea kulipa kikamilifu. Jibu la Bunge likawa sheria ya mwaka 1934 iliyokataza kuzikopesha serikali zilizoshindwa kulipa madeni yake. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwa sababu miaka mitano baadaye Uingereza na Ufaransa zilipoingia vitani dhidi ya Hitler, sheria hiyo ilikuwa bado inatumika.

Upande wa nchi dhaifu mambo yalikuwa makali zaidi. Askari wa majini wa Marekani waliingia Haiti mwaka 1915, wakatumia kazi ya kulazimishwa kujenga barabara, wakamuua kiongozi wa waasi Charlemagne Péralte mwaka 1919, na Desemba 1929 wakawafyatulia risasi wakulima walioandamana karibu na mji wa Les Cayes. James Weldon Johnson, mwandishi na kiongozi wa chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alikwenda huko mwaka 1920 na kuwaandikia wananchi wenzake alichokiona, na kazi yake ilisaidia kulifanya jambo hilo kuwa aibu ya hadharani. Wanajeshi waliondoka Agosti 1934 chini ya siasa ya ujirani mwema ya Rais Franklin Roosevelt. Lakini usimamizi wa Wamarekani juu ya fedha za Haiti uliendelea mpaka mwaka 1947, deni lilipomalizika kulipwa.

Huko Liberia alitangulia mfanyabiashara, si askari. Mwaka 1926 kampuni ya Firestone ilipata haki ya kukodi hadi ekari milioni moja kwa miaka 99, kwa senti 6 kwa ekari, na pamoja na hayo Liberia ikachukua mkopo wa hadi dola milioni 5 kwa riba ya asilimia 7 kutoka kwa taasisi iliyoundwa na Firestone yenyewe. Washauri wa fedha kutoka Marekani wakakaa juu ya hazina ya Monrovia. Mwaka 1930 tume ya kimataifa, ambayo mwanasosholojia mweusi wa Marekani Charles S. Johnson alikuwa mjumbe wake, ilithibitisha kwamba vigogo wa Liberia walikuwa wakiwapeleka wananchi wao kwa nguvu kufanya kazi katika kisiwa cha Fernando Po, na Rais Charles King akajiuzulu. Kosa hilo lilikuwa la Waliberia wenye madaraka, wala halipaswi kufunikwa. Ninachosikitikia ni kwamba Marekani, iliyosaidia kulifichua, ilikataa kuitambua serikali iliyofuata mpaka mwaka 1935, na katikati ya mvutano huo lilikuwamo suala la mkopo.

Sasa nifike mahali ambapo ahadi ilikuwapo kweli, imeandikwa na kutiwa saini. Tarehe 27 Agosti 1928, mjini Paris, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani Frank Kellogg na mwenzake wa Ufaransa Aristide Briand, pamoja na wajumbe wa nchi nyingine, walitia saini mkataba wa kukana vita kama chombo cha siasa ya taifa. Seneti iliuridhia Januari 1929 kwa kura 85 dhidi ya 1, na wiki chache baadaye ikapitisha sheria ya kujenga manowari mpya 15. Mkataba haukuwa na adhabu kwa atakayeuvunja. Japani ilipoivamia Manchuria Septemba 1931, Waziri Henry Stimson alitangaza kwamba Marekani haitatambua mabadiliko yaliyopatikana kwa kuvunja mkataba huo. Japani ikabaki Manchuria.

Mwafrika aliyeuchukulia mkataba huo kwa uzito wote alikuwa Mfalme Haile Selassie. Ethiopia, au Uhabeshi kama wazee wetu walivyoiita, ilikuwa imejiunga nao, na Italia pia. Mwanzoni mwa Julai 1935, majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yakiwa yanamiminika Eritrea na Somalia, mfalme alimwita mwakilishi wa Marekani mjini Addis Ababa akaiomba serikali yake itafute njia ya kuifanya Italia iheshimu saini yake. Washington ilijibu kwa adabu kwamba Shirikisho la Mataifa lilikuwa tayari linalishughulikia suala hilo, na kwamba haikutaka kuamini kuwa yeyote kati ya pande mbili angetumia njia isiyo ya amani. Nchi iliyokataa kujiunga na Shirikisho ilimwelekeza mwombaji kwenye Shirikisho.

Mwishoni mwa Agosti mfalme akajaribu njia nyingine, na katika habari zote za kipindi hiki hakuna inayonigusa zaidi ya hiyo. Aliipa kampuni yenye uhusiano na mafuta ya Standard ya Marekani, kupitia kwa Mwingereza Francis Rickett, haki ya kutafuta mafuta katika karibu nusu ya nchi yake. Aliyasoma mataifa makubwa kwa usahihi: kama ahadi haziwaleti, labda mali itawaleta. Lakini Waziri wa Mambo ya Nje Cordell Hull aliishinikiza kampuni hiyo ijitoe, nayo ikajitoa baada ya siku chache tu. Hull alikuwa na sababu, kwani hakutaka ionekane kwamba Marekani inatetea amani kwa ajili ya visima vya mafuta. Hata hivyo, baada ya Firestone kupewa nafasi Liberia, Mhabeshi angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini mafuta yake yalikuwa na aibu ambayo mpira haukuwa nayo.

Katika siku hizohizo, tarehe 31 Agosti 1935, Roosevelt alitia saini sheria ya kwanza ya kutoegemea upande. Wananchi walikuwa wamesikiliza kwa mwaka mzima kamati ya Seneta Gerald Nye ikichunguza jinsi watengeneza silaha na mabenki walivyofaidika na vita vilivyoua Wamarekani zaidi ya 116,000, na mwezi Januari mwaka huo Seneti ilikuwa imekataa hata kujiunga na Mahakama ya Dunia, kwa kura 52 dhidi ya 36, zikipungua tena kura 7. Sheria ilikataza kuuza silaha kwa upande wowote ulio vitani. Italia ilivamia tarehe 3 Oktoba, na siku mbili baadaye rais akaiamuru sheria ifanye kazi. Kwenye karatasi ilikuwa haki sawa. Lakini Italia ilikuwa na viwanda vyake vya ndege, vifaru na mabomu, na Ethiopia haikuwa navyo. Marufuku iliyowahusu wote wawili ilimfunga mikono mmoja.

Tena mafuta hayakuwa silaha. Tarehe 15 Novemba Hull aliwaomba wafanyabiashara wasiuze kupita kiasi cha kawaida mafuta, shaba, malori na vyuma chakavu kwa wapiganao. Lilikuwa ombi tu, na mauzo ya mafuta kwa Italia yakaongezeka. Huko Geneva, walioogopa kumkasirisha Mussolini wakapata hoja ya kujifichia: kuna faida gani Shirikisho kumnyima mafuta, ilhali Marekani itamuuzia? Sitaki kuwapa Wamarekani mzigo usio wao, kwa sababu Uingereza na Ufaransa zilikuwa na khofu zao na zilimwachia meli zake zipite Suez. Lakini inaripotiwa kwamba baadaye Mussolini mwenyewe alimwambia Hitler kuwa kama angenyimwa mafuta, angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja. Addis Ababa iliangukia mikononi mwa Waitalia tarehe 5 Mei 1936. Wahabeshi wengi walivuka mpaka na kuingia Kenya, wakawekwa katika kambi ya Isiolo.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Sheria ya kutoegemea upande iliongezwa mwaka 1936 na 1937. Jamhuri ya Hispania ikanyimwa silaha huku mafuta ya Marekani yakimfikia Jenerali Franco aliyeiasi. Mwaka 1938 pendekezo la kutaka vita visitangazwe bila kura ya wananchi wote lilishindwa bungeni kwa kura 209 dhidi ya 188 tu. Na Juni 1939 meli ya St. Louis, iliyobeba zaidi ya Wayahudi 900 waliomkimbia Hitler, ilisafiri kando ya pwani ya Florida bila kuruhusiwa kutia nanga. Novemba 1939, Ulaya ikiwa tayari inaungua, Bunge liliruhusu silaha ziuzwe kwa sharti kwamba mnunuzi alipe taslimu na abebe mzigo kwa meli zake mwenyewe.

Yupo Mmarekani mmoja ambaye mwenendo wake haukufanana na hayo. John Robinson, kijana mweusi aliyekulia Gulfport, Mississippi, alisomea ufundi wa magari Tuskegee, kisha akajifunza urubani Chicago katika miaka ambayo watu wa rangi yake walifungiwa milango ya shule za ndege. Alikwenda Ethiopia mwaka 1935 kwa mwaliko wa mfalme, akakabidhiwa uongozi wa jeshi dogo la anga lenye ndege chache zisizo na silaha za maana. Alikuwa Adwa Waitalia walipoanza kuudondoshea mji huo mabomu. Kwa miezi kadhaa alirusha ndege kati ya mji mkuu na medani, akipeleka barua, dawa na maofisa, mpaka vita vilipokwisha kupotea. Alirudi nyumbani Mei 1936, na maelfu ya watu walijitokeza Chicago kumpokea. Mwaka 1944, Waitalia wakiwa wameshafukuzwa, alirejea Ethiopia kuwafundisha vijana urubani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1954 kutokana na ajali ya ndege, akazikwa Addis Ababa.